Mkenya riali 900, Mfilipino 1,500: kwa nini?

MamaZuu_Likoni
Habari zenu jamani. Mdogo wangu kapata kazi ya nyumbani Riyadh kupitia ajenti wa hapa Mombasa, mshahara riali 900 kwa mwezi. Shangazi yetu aliyewahi kukaa huko asema Mfilipino kwa kazi ile ile, kufua, kupika, kulea, hulipwa 1,500. Nikamuuliza ajenti, akanijibu, "Hiyo ndiyo bei ya Kenya." Bei, kama mbuzi? Hizi serikali zetu za Afrika Mashariki haziwezi kukaa pamoja zikaweka kiwango kimoja?

Kipanga
Ufilipino iliweka kima cha chini cha dola 400 tangu 2006, na mkataba usiofika hapo hawaupitishi. Huku kwetu kila nchi huenda Riyadh peke yake. Kenya ikikaza, waajiri wanageukia Kampala. Ethiopia ilipozuia watu wake 2013, wanawake waliendelea kutoka kwa njia za panya mpaka marufuku ikaondolewa 2018. Mawaziri wa nchi 11 za ukanda huu walikutana Nairobi Januari 2020 kuoanisha sera zao, lakini mshahara bado kila mtu anajadiliana kivyake.

Bi_Salama
Dada, mimi nilikuwa Dammam. Ya mawaziri waachie mawaziri, mdogo wako aondoka lini? Watamwambia kafala, ule utaratibu wa kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, imekwisha. Mageuzi ya Saudia ya 2021 yaliwapa wa makampuni nafasi ya kubadili mwajiri, sisi wa majumbani tukaachwa nje. Basi shika karatasi. Mkataba uwe umesajiliwa Musaned, mtandao wa serikali ya Saudia wa wafanyakazi wa nyumbani, na nakala ibaki kwako, isiwe kwenye simu yake tu. Simu yangu ilichukuliwa usiku ule ule niliofika. Pasipoti nayo mwajiri haruhusiwi kuizuia, hata kwa sheria ya kwao, ila wengi huifungia kabatini.

MamaZuu_Likoni
Shukran sana. Sasa ajenti asema mdogo wangu atautia sahihi mkataba uwanja wa ndege, na ajenti ataka elfu thelathini za visa.

Bi_Salama
We! Visa na tiketi ni juu ya mwajiri. Na mkataba wa kutiwa sahihi huku foleni yasonga, asiuguse. Uleteni nyumbani kwanza, usomwe na mtu ajuaye Kiarabu. Likoni hamkosi ustadhi.