Fundi kaiunguza rangi ya Starlet yangu, halafu kanipakia mafuta nisione

Wakuu, nina hasira hapa nilipo, mtanisamehe lugha.

Nina Starlet nyekundu ya 1994. Rufu na milango imepauka, ina unga unga. Ukiiegemea na shati jeupe unaondoka na wekundu mgongoni. Boneti ni kesi nyingine. Aliyeniuzia aliwahi kuipigisha rangi upya, ikawekwa klia juu, lile tabaka la juu lisilo na rangi la kuleta mng'ao, na sasa hiyo klia inababuka kama ngozi iliyoungua jua. Yote haya nilimwonyesha fundi kwa kidole kabla hajagusa kitu.

Akanijibu, "Bosi, hiyo polishi tu, jioni unakuta mpya." Laki na themanini. Nusu nikatoa palepale.

Jioni nakuta gari linang'aa mpaka naona meno yangu mlangoni. Nikammalizia hela yake. Na soda nikamnunulia, mjinga mimi.

Siku ya tatu ikapiga mvua. Asubuhi gari lote michirizi: hapa panang'aa, pale weupe uleule wa zamani. Napitisha kidole, utelezi. Kumbe jamaa kanipakia yale mafuta ya kung'arishia dashibodi na matairi! Nikaliosha kwa sabuni ya vyombo, ndipo nikaona maafa yenyewe. Ule mkunjo unaopita katikati ya mlango wa kushoto, rangi hakuna, praima ya kijivu, ile inayopakwa chini ya rangi, inachungulia urefu wa kiganja. Kingo za boneti hivyohivyo. Rufu ina miduara ya mashine utadhani kasugulia masufuria.

Kinachoniuma ni kwamba milango na rufu vilikuwa vinaokoleka. Rangi ya zamani isiyo na klia inaliwa na jua juu juu tu. Unaisugua kwa kampaundi laini, ile dawa ya kusugulia rangi, taratibu, ile iliyokufa inatoka na kitambaa, chini unakuta nyekundu yenyewe, kisha unapaka waksi kuilinda. Kitambaa kugeuka chekundu hapo si kosa, ndiyo kazi inavyotakiwa. Ila klia iliyokwisha kubabuka haina polishi duniani; ni kupiga msasa na kupuliza upya, basi. Kujua ipi ni ipi unahitaji kitambaa cheupe na tone la polishi, sugua sehemu mbili, dakika haiishi. Mlango ungetoa wekundu, boneti isingetoa kitu. Huyu hakusugua popote. Boneti na milango vyote kavipelekea mashine ileile kwa kampaundi ileile ya mchanga mchanga, na mikunjo hakuibandika hata tepu ya karatasi, wakati fundi yeyote anajua hapo ndipo rangi inapowahi kuisha.

Angeniambia, "Boneti siiwezi kwa polishi, ipigwe rangi," ningemwelewa. Ningemlipa ya milango na rufu tukaachana vizuri.

Nimemrudia. Anaangalia ile praima, anatikisa kichwa kama vile gari kaletewa na mtu mwingine, halafu ananiambia, "Bosi, gari la zamani hili, rangi imechoka yenyewe." Imechoka kwenye mstari mnyoofu? Nikadai hela, akasema ataniongezea "mkono mmoja wa polishi bure". Yaani arudi tena na ile mashine!

Sasa nataka mtu aliyewahi kufanyiwa kazi hii Dar, gari lake likapita masika likabaki vilevile, anielekeze kwa fundi wake. Boneti na ule mlango najua ni rangi upya, nimekubali. Nataka rufu na mlango wa kulia viokolewe kabla sijapata mtaalamu mwingine wa mafuta. Wa dawa ya meno na mafuta ya taa msije PM, nimeshapakwa mafuta ya kutosha.

Picha naweka jioni nikitoka kazini. Leo nimepanda daladala.