Naomba ushauri: nimwelezeje mtoto kejeli iliyomo ndani ya Spirited Away?

Wakuu, habari za wikendi. Mpwa wangu wa miaka 12 anapenda sana katuni za Kijapani. Jumamosi tulitazama Spirited Away ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 2001. Yeye aliona mizimu na mchawi tu. Mimi niliganda kwenye kile kibanda cha chakula kisicho na mwenyewe: baba anajaza sahani, anajaza mdomo, anamwambia binti yake asihofu kwa kuwa ana kadi za benki na pesa taslimu. Muda si mrefu yeye na mkewe ni nguruwe.

Kumbe dakika chache kabla, baba huyo huyo amesema pale palikuwa bustani ya burudani, zilijengwa kila mahali mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha uchumi ukaharibika. Mjapani aliyeishi ule ulevi wa pesa wa mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla uchumi haujaanguka, anaelewa papo hapo. Mtoto wetu je?

Baadaye wafanyakazi wa hamamu ya mizimu wanagombania dhahabu ya Kaonashi, yule mzimu asiye na uso, nayo inageuka udongo. Akaniuliza, "Mjomba, kwa nini wote walimwamini?" Nilikosa jibu.

Walimu na wazazi, nisaidieni: nimsimulie kwanza historia ya Japani, au nimwache atazame tena mwenyewe? Na katuni ya Pom Poko ya Isao Takahata (1994), ambamo vilima vya Tama vinafyekwa ili Tokyo ijenge nyumba, inamfaa umri huo? Nasita, maana wanyama wengi wanakufa humo, na yeye ana moyo mwepesi.