Nafunga kula kwa saa 16 kila siku, ikifika saa tano asubuhi akili inazima

Wakuu, nakula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku tu. Natunza hesabu za duka la jumla Kariakoo. Asubuhi kichwa chepesi kabisa, ila saa tano harufu ya chapati za mama ntilie ikipanda ngazi, namba zinaanza kucheza. Nyie mnafanyaje?

Jibu: Ghrelini, homoni ya njaa, hupanda saa uliyozoea kula, kisha hushuka hata usipokula. Kunywa maji, subiri. Ila ukitetemeka na kutoka jasho, kula! Na anayetumia insulini asijaribu bila daktari.

Jibu: Ramadhani mimi hesabu ngumu namaliza kabla ya adhuhuri. Alasiri napanga risiti tu, na bosi anajua.

Jibu: Usiku unakula nini, mkuu? Chipsi kavu?