Mbunge akifukuzwa na chama chake, kiti kiwe cha nani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalileta tulijadili. Tunaambiwa serikali yetu ni ya uwakilishi: hatuwezi wote kuketi Dodoma, kwa hiyo kila jimbo linamtuma mtu mmoja akaseme kwa niaba yake. Sawa. Huyo tuliyemtuma, nani mwenye haki ya kumrudisha nyumbani kabla ya miaka mitano?

Kwa Katiba ya Tanzania ya 1977, si sisi. Ibara ya 67 inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 71 inasema akiacha kuwa mwanachama wa chama hicho, ubunge umekwisha. Aliyehama kwa hiari yake na aliyefukuzwa wanahesabiwa sawa, na hapo ndipo ninapokwama.

Desemba 2011 chama cha NCCR-Mageuzi kilimvua uanachama David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini. Muda mfupi baadaye, chama kingine cha upinzani, CUF, kikamfukuza Hamad Rashid Mohamed wa jimbo la Wawi, Pemba. Wote wawili walikimbilia mahakamani, na ni mahakama iliyowabakiza bungeni. Isingekuwa hivyo, kikao cha wajumbe ambao wengi wao hawapigi kura Kigoma Kusini wala Wawi kingefuta uamuzi wa wananchi wa huko bila hata kuwauliza. Mbunge anayelijua hilo, siku muswada mgumu ukija, atamsikiliza mpiga kura wake au mnadhimu wa chama, yule anayesimamia nidhamu ya wabunge wake?

Na haikuwa hivi tangu mwanzo. Uchaguzi wa 1960, kabla ya uhuru, chama cha TANU kilipata viti 70 kati ya 71. Kile kimoja, cha Mbulu, alikichukua Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea aliyeteuliwa na chama. Watu wa Mbulu waliipenda TANU na bado wakamtaka mtu wao. Njia hiyo ya kugombea bila kuteuliwa na chama ilifungwa tulipoingia mfumo wa chama kimoja, na vyama vingi viliporudi 1992 haikufunguliwa.

Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania hadi uzee. Mahakama Kuu ilimpa haki 1994, Bunge likabadilisha Katiba kuufunga mlango upya. Akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010 ikisema hilo ni la Bunge kuamua. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa hapa Arusha, ikasema haki yake imevunjwa. Alifariki 2015 akiwa hajaona mabadiliko.

Msimamo wangu: mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, aruhusiwe, na chama kisiwe na uwezo wa kumpokonya mtu kiti cha jimbo kwa kumfukuza.

Mchangiaji, Singida

Mkuu, nakupinga kwa heshima. Nimekuwa wakala wa chama kituoni mara mbili. Wapiga kura wengi, hasa wazee, wanatafuta nembo kwenye karatasi ya kura, jina la mgombea hawalijui vizuri. Magari ya kampeni, mawakala, ilani aliyoinadi, vyote ni vya chama. Akiingia bungeni akaanza kuipinga ilani ile ile, nani amesalitiwa kama si sisi tuliomchagua kwa ajili yake?

Halafu Februari 2018 mmeisahau? Kinondoni na Siha wabunge wa upinzani walijiuzulu, wakahamia CCM, uchaguzi mdogo ukafanyika, na walewale wakarudi bungeni. Angalau walilazimika kurudi kwa wananchi. Ukilegeza ibara ya 71, watahama na kiti mkononi.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu zangu, huku Kenya ibara ya 85 ya Katiba ya 2010 inamruhusu mgombea huru, bora asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Wanachaguliwa kila awamu. Lakini wengi ni watu waliokosa tiketi kwenye mchujo wa chama, na wakifika bungeni hujiegemeza penye nguvu, kwa kuwa mbunge asiye na wenzake hapitishi kitu. Ibara ya 104 nayo inatupa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Tangu 2010 hatujamwondoa hata mmoja kwa njia hiyo. Msidhani kuandika kwenye katiba ndiyo mwisho wa kazi.

Mleta mada

Wa Mombasa, nashukuru, hilo nalichukua. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba nayo ilitaka wananchi waweze kumwondoa mbunge wao, na ni kweli kwamba kifungu bila utaratibu unaotekelezeka hakimsaidii mtu.

Wa Singida, kwa anayehama nakubaliana nawe kabisa, arudi kwa wananchi. Hata viti maalumu vya wanawake ni suala jingine, vile vinatokana na kura za chama. Mimi nazungumzia aliyefukuzwa. Huyo hajamsaliti mpiga kura. Pengine amefukuzwa kwa sababu alimtetea.

Mchangiaji, Singida

Hapo nimekuelewa. Lakini anayetaka kuhama bila kupoteza kiti atafanya vituko makusudi mpaka chama kimfukuze. Utamtambuaje?

Mleta mada

Swali zuri, na sitajifanya nina mizani ya kupima nia ya mtu. Basi hata aliyefukuzwa aende kwenye uchaguzi mdogo, ila aruhusiwe kusimama mwenyewe. Leo akitaka kurudi kwa watu wake ni lazima kwanza apate chama kingine cha kumbeba, na watu wa jimbo hawana namna ya kusema "huyu ni wetu bado". Wape nafasi hiyo ya kusema, nami nitaikubali ibara ya 71 kama ilivyo.