Mwenye kibanda umiza huku Mbeya: KWENYE KONA HAKUNA KUOTEA! Umenikosanisha na mzee wangu

Wakuu, salamu nitatoa baadaye. Naandika nikiwa nimelala masaa mawili, elfu tano imenitoka, na mzee wangu hanisemeshi tangu taarifa ya habari ya saa moja asubuhi. Yote kisa kibanda umiza kimoja (kibanda cha kuonyeshea mpira na filamu kwa kiingilio) huku kwetu, kati ya Kabwe na Mwanjelwa. Jina silitaji. Wa huku mtakijua kwa kipaza sauti.

Mods, naomba msiupeleke huu uzi jukwaa la vichekesho. Mimi sicheki.

Jana Jumapili tarehe 21 Januari 2024, Taifa Stars na Zambia, AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, San Pedro kule Ivory Coast, saa 2 usiku kwa saa zetu. Kiingilio siku zote ni jero. Jana kaandika buku. Nikasema poa, ni timu ya taifa, na mvua ya Januari mnaijua, ilianza saa kumi jioni haikuacha. Nje tope mpaka kwenye kifundo, ndani tumebanwa kwenye mabenchi kama magunia ya viazi juu ya fuso. Bati linapigwa na mvua, humsikii hata jirani yako.

Sasa chaneli aliyotufungulia matangazo yake yalikuwa ya Kifaransa. Hilo silalamikii, picha ilikuwa safi. Alichofanya, akakata sauti ya runinga, akamkabidhi kipaza sauti yule kijana wake anayetafsiri filamu mchana. Kwenye filamu kijana ni fundi, simnyimi haki yake. Mchina hajafungua mdomo yeye kashamaliza sentensi, watu hoi kwa vicheko. Lakini filamu hata ukiidanganya, hakuna mtu atakayekwenda kumwamsha baba yake usiku kumpa habari.

Dakika ya 11 Samatta kampa Msuva, Msuva kaweka kambani. Moja bila! Benchi la mbele lilikatika, watu wakashangilia hukohuko chini. Kijana anapiga kelele, "Tikitaka hiyooo! Tikitaka la mwaka!" Tikitaka gani? Tikitaka ni mtu kujibinua hewani, mgongo chini miguu juu, akaupiga mpira kupitia juu ya kichwa chake. Msuva hakujibinua popote. Nikanyamaza. Goli likiwa letu mtu anasamehe mengi.

Kocha akaonyeshwa. Hapa hata mimi namhurumia kidogo. Kocha wetu mkuu Amrouche kafungiwa na CAF, shirikisho la soka Afrika, mechi nane kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco, na aliyekaimu ni Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani ni Morocco. Kijana akatangaza, "Morocco anasimama, Morocco anawapanga vijana wetu." Mzee mmoja nyuma akauliza, "Wale si ndio waliotupiga tatu Jumatano? Leo wanatupanga?" Ikachukua dakika tano kumwelewesha na sidhani kama alielewa.

Dakika ya 44, winga wao Roderick Kabwe akapata njano ya pili, akatolewa. Kijana na kipaza sauti chake: "KABWE NJEEE! KABWE KATOLEWA!" Kuna mama anachoma mahindi pale mlangoni kwa ajili ya watazamaji, genge lake la mchana liko Kabwe kituoni. Akaingiza kichwa ndani, koleo la makaa mkononi: "Wametutoa tena? Lini? Na mzigo wangu nimeuacha pale!" Ilibidi nitoke mimi nimwambie, mama tulia, ni mchezaji. Akaniuliza mchezaji gani anaitwa jina la kituo cha daladala. Nikamwambia hata kwao Zambia upo mji unaitwa hivyo. Hakuniamini, akafunika jiko lake kwa bati akaondoka kwenda kuangalia.

Na kijana akaendelea kusema ni nyekundu ya moja kwa moja. Si ya moja kwa moja! Njano mbili. Mtu wa kawaida atasema zote si nyekundu tu, lakini palepale kuna watu wana mikeka yao ya kubeti kadi mifukoni, na wawili walishakamatana mashati kabla ya mapumziko.

Mapumziko ndipo nikaingia mkenge wangu. Nyuma yangu alikaa dereva mmoja wa semi, Mzambia, anayepita hapa na mzigo wa shaba kwenda Dar kila baada ya wiki kadhaa. Tumezoea kumwita Mudala. Kiswahili chake ni cha Tunduma lakini kinatosha. Akaniambia, "Bwana, hata tukiwa kumi tutarudisha." Nikamcheka. Tukawekeana elfu tano. Stars ikishinda ananipa, isiposhinda nampa. Palepale, mkono kwa mkono, mashahidi wapo.

Kipindi cha pili sikisimulii, mliangalia wenyewe. Tuko kumi na moja kwa kumi na tunacheza kama tuko tisa. Naruka mpaka dakika ya 88.

Zambia wakapata kona. Akaipiga Chama, huyuhuyu Chama aliyekuwa akivaa jezi nyekundu ya Simba wakati huo, mpira ukaingia ndani ya kumi na nane, Patson Daka akapanda akapiga kichwa, nyavu zikatikisika. Kibanda kimya. Ile kimya ya kusikia mvua tu. Nyuma yangu Mudala kavuta pumzi, hajaanza hata kupiga kelele, kijana kwenye kipaza sauti akalipuka:

"AMEOTEAAA! Ameotea huyo! Kibendera juu! Goli limekataliwa jamani, bado moja bila!"

Wakuu, kibanda kililipuka kuliko lilipoingia goli la Msuva. Watu wanakumbatiana na wasiowajua. Mimi macho yangu hayakuona kibendera chochote, lakini mbele yangu palikuwa na jamaa amesimama juu ya benchi, na moyo ulitaka kuamini. Marudio yakaanza kuonyeshwa, na kabla hayajafika kwenye kichwa cha Daka, chwii. Umeme.

Mgao tumeshauzoea. Lakini jenereta iko pale nje chini ya turubai, buku zetu mia na kitu kakusanya, na mafuta hakuweka! Kijana wake anavuta kamba, jenereta inakohoa inazima. Gizani akatoa tangazo la mwisho bila kipaza sauti: "Imebaki dakika mbili na za nyongeza tu, hawa hawawezi kurudisha, nendeni mkalale Watanzania, tumeshinda!"

Kuna dogo mmoja alikuwa na simu yenye bando, akasema kwa sauti ndogo, "Mbona hapa inaandika moja moja?" Akazomewa. Kijana akamjibu, "Hiyo programu yako haijafikiwa na VAR." Na sisi watu wazima tukacheka! Mimi nilicheka, sifichi. Mudala naye maskini aliamini, akatoa noti ya elfu tano akanipa kwenye mwanga wa tochi, akasema hongera.

Tulirudi tunaimba. Toka Kabwe mpaka Ilomba, kwenye tope, mvua inanyesha, bajaji zinatupigia honi.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma. Mzee wangu ana miaka sitini na kitu. AFCON ya 1980 kule Lagos aliifuatilia kwa redio ya jirani, Tukuyu, bado kijana. Matokeo anayo kichwani mpaka leo: Nigeria 3-1, Misri 2-1, halafu sare ya 1-1 na Ivory Coast. Akasubiri miaka 39 tufuzu tena. 2019 kule Misri tukafungwa zote tatu, Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Ile ya Kenya tuliongoza mara mbili, alizima redio akaenda kulala bila kula. Juzi Morocco 3-0. Maana yake mpaka jana, kwenye AFCON zote tulizocheza, Tanzania haijawahi kushinda hata mechi moja. Hata moja, wakuu.

Halafu mimi naingia nimelowa chapachapa, nagonga mlango wa chumba chake: "Baba! Tumeshinda!"

Aliamka, akakaa kitandani. Akauliza, "Ngapi?" Nikasema moja bila, Msuva. Akauliza, "Imeisha? Filimbi ya mwisho umeisikia?" Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo, jamani. Akavaa koti lake, akatafuta miwani, akampigia simu mdogo wake Tukuyu saa nne na nusu usiku, mtu ambaye hawajaongea vizuri tangu mambo ya shamba la chai. Nikawasikia wanacheka. Mzee anamwambia, "Ndaga, ndaga, sasa hata nikifa leo."

Asubuhi redio: Zambia moja, Tanzania moja. Mzee alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio, akasikiliza mpaka hali ya hewa, akachukua jembe akaenda kwenye mahindi. Kunyeshewa.

Mudala kaja saa moja na nusu, lori linanguruma barabarani, simu mkononi, Daka anashangilia kwenye kioo. Hakuwa hata na hasira. Nikamrudishia elfu tano yake na elfu tano yangu juu.

Nikaenda kwa mwenye kibanda. Nilikwenda kistaarabu, nikaamkia na shikamoo maana ni mkubwa kwangu. Nikamweleza yote. Unajua kanijibu nini? "Mdogo wangu, hii ni burudani, si taarifa ya habari. Halafu kijana hajakosea sana. Kwani kuotea ni nini? Si mtu kukaa karibu na kipa?"

SI MTU KUKAA KARIBU NA KIPA.

Bwana mkubwa, kama unasoma hapa, na najua kuna wateja wako watakuonyesha. Kuotea neno lenyewe linajieleza. Paka anaotea panya, anakaa pale panapotokea windo anasubiri. Mshambuliaji anaotea pale mwenzake anapompigia mpira na yeye yuko nusu ya uwanja wa wapinzani, yuko mbele ya mpira, na yuko karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho mara nyingi ni kipa, ndiyo maana watu wanadhani ni habari ya kipa. Kichwa, kiwiliwili na miguu vinahesabika, mikono haihesabiki. Na hata akiwa pale si kosa mpaka aingilie mchezo.

Na sheria hiyohiyo inasema ukiupokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye goli kiki, au mpira wa kurusha, au KONA, hakuna kuotea. Hata ungekaa mapajani mwa kipa. Chama kapiga kona, Daka kapiga kichwa. Hakuna mguu wa mtu mwingine katikati. Kibendera angenyoosha kwa kosa gani? Hata mtoto wa chandimu pale Soweto anajua hili, ndiyo maana wakicheza kona wanarundikana golini kama kuku kwenye pumba.

Nikaanza kumweleza hivyo, akanikatisha, kwamba buku langu nimekalia benchi dakika 88, anirudishie ya dakika mbili? Akacheka na kijana wake akacheka. Nikamuuliza kijana, wewe kibendera ulikiona wapi? Akasema, "Braza, nilisikia watu kimya, nikaona niwachangamshe."

Niwachangamshe! Mzee wangu yuko kwenye mahindi anachangamka.

Sisemi matangazo ya kienyeji yafe. Mimi nimekua na redio. Tobo, kanzu, majalo, matuta, maneno yote haya nimeyaokota kwa watangazaji wetu na huwezi kuniambia Kifaransa kinayashinda. Lakini mtangazaji wa redio alikuwa macho yako. Ukiwa gizani Tukuyu mwaka 1980, kama yeye kasema kona, ni kona. Huyu wa kwetu tunayo picha mbele yetu na bado amelifuta goli tulilofungwa!

Nilichokidai ni vitu viwili tu: buku langu, na yeye mwenyewe aje nyumbani amwambie mzee kwamba mimi sikumdanganya kwa makusudi. Buku kakataa. La mzee akasema atafikiria.

Wenyeji wa Mbeya nisaidieni. Jumatano tarehe 24 tuna Kongo, saa 5 usiku. Tuna pointi moja, Morocco nne, Zambia na Kongo mbili mbili, tukishinda bado tumo. Natafuta sehemu yoyote kuanzia Soweto mpaka Uyole yenye jenereta lenye mafuta na sauti ya runinga iliyofunguliwa, hata Kifaransa, hata Kireno. Na kiti chenye egemeo, kwa sababu nataka kwenda na mzee ajionee mwenyewe, na mgongo wake haukubali benchi.

Maana nimepita pale saa sita mchana, kibao kimeshaandikwa kwa chaki: STARS NA KONGO. BUKU. MTANGAZAJI YULEYULE.