Nimeulizia lebo ya GMO, nikatafuniwa hindi kwenye maiki!

Sahani_Yangu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, viatu sijavua, hata taa sijawasha. Nimetoka sasa hivi kwenye ule mjadala wa mazao ya GMO, yale yaliyobadilishwa vinasaba maabara, na nisipolitema hili nitapasuka.

Mnamjua. Simtaji na sina haja ya kumtaja. Ni yule ambaye kila penye meza ndefu na chupa za maji lazima awe katikati. Yule anayevua miwani akitaka aonekane anafikiri. Sauti yake hata redio ikizimwa unaisikia. Kama bado hujamjua, basi umezaliwa leo asubuhi.

Masaa matatu nimenyoosha mkono. MATATU. Ukafa ganzi, nikaushikilia kwa mkono wa pili usianguke. Maiki inapita kulia, inapita kushoto, inakwenda kwa watu wanaosimama kusema "sina swali, nina pongezi tu". Mwisho ikanifikia. Nikauliza swali moja, kwa adabu zote nilizofundishwa: mazao haya yakiingia sokoni, mnunuzi atayajuaje? Yatawekewa lebo?

Basi. Swali ndilo hilo lote. Sikusema yana sumu. Sikusema tutaota mikia. Sikumtukana mtu.

Akatabasamu. Akavua miwani. Pale mezani palikuwa na bakuli la mahindi ya kuchemsha, limekaa tangu asubuhi kama maua. Akachukua hindi, akalisogeza mpaka likagusa maiki, AKATAFUNA. Kwachu. Kwachu. Kwachu. Spika mbili kubwa kama makabati, ukumbi mzima tunasikiliza meno ya mtu mzima yakifanya kazi. Akameza, tukamsikia mpaka koo. Halafu: "Mamaa, mbona sijafa? Wewe kula tu, hayo mengine tuachie sisi."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Mimi nimesimama na mkono wangu uliokufa ganzi, nimeganda.

Na punje moja imemnata kwenye pembe ya mdomo. Kila akisema neno inapanda, inashuka. "Tu-a-chi-e si-si", punje inacheza. Sikuona kingine chochote ukumbini, niliiona ile punje tu.

Nimeuliza kama nitaambiwa, nikajibiwa kwamba sitakufa! Hayo ni maswali mawili! Mtu akikuuliza jina lako unamwonyesha cheti cha daktari?

Wala si swali la kijinga. Umoja wa Ulaya kiambato kikizidi asilimia 0.9 ya GMO lazima kiandikwe. Marekani wanayalima tangu miaka ya 1990, na hata wao tangu Januari 2022 sheria inawalazimisha kutangaza kwenye pakiti. Wale wote ni washamba? Wote wangetafuniwa hindi?

"Mamaa." Kwachu. "Kula tu." Yaani KULA TU, kama kuku anayemwagiwa pumba!

---

KitiChaMbele

Nimefika mapema. Nani ana video?

---

Nyundo_ya_Mbao

Masaa matatu mkono juu? Hata mnazi ungeomba kukaa. Mama punguza chumvi.

---

Udongo_Mweusi

Pole mama kwa kufedheheshwa, ila tusipotoshe watu. Mwaka 2016 akademia za taifa za sayansi za Marekani zilipitia tafiti zaidi ya 900 na hazikukuta ushahidi kwamba kula mazao haya kuna hatari zaidi ya kula ya kawaida. Yule bwana alikuwa anajaribu kuwatoa watu hofu kwa mfano rahisi.

---

Sahani_Yangu

@Udongo_Mweusi NIONYESHE NILIPOULIZA USALAMA. Nionyeshe mstari! Na wewe unanitafunia hindi kwa maandishi!

Tafiti 900 nazikubali zote, hata ukiniletea 9,000 nazikubali. Mimi nataka kujua nimebeba nini kwenye kikapu. Kwani mtu asiyekula nyama anaambiwa nyama haina sumu basi ale tu? Anayefunga, asiyekunywa, asiyetaka tu bila sababu yoyote, hao wote wanaheshimiwa. Mimi nikiuliza, kwachu.

---

BintiWaSita

Swali la msingi jamani: lile hindi alilotafuna lilikuwa GMO kweli?

---

Sahani_Yangu

HAKUSEMA! Hakusema, na hakuna aliyemuuliza, na hakuna ambaye angejua kwa kuliangalia! Hindi lake mwenyewe halikuwa na lebo! Huenda ametafuna hindi la kawaida kabisa akatuthibitishia kwamba hindi la kawaida haliui!

@BintiWaSita ungekuwa karibu ningekukumbatia.

---

KitiChaMbele

Hapo kweli ameliwa. Mama Lebo 1, Mzee Kwachu 0.

---

Mbegu_za_Bibi

Nyie mnalilia lebo, sisi wenye majembe tunalilia mbegu. Lebo utaisoma umeshiba. Mbegu yenye hati miliki kwa kawaida huruhusiwi kuihifadhi ukapanda msimu unaofuata. Kanada kuna mkulima, Percy Schmeiser, kampuni ilimshtaki kwa kanola ya GMO (zao la mafuta) iliyokutwa shambani kwake, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2004 majaji watano dhidi ya wanne wakasema amevunja hati miliki. Hilo mbona hamlifungulii uzi? Na zile mbegu zinazojiua zenyewe, ambazo mavuno yake ukiyapanda hayaoti, je?

---

MgombaTasa

@Mbegu_za_Bibi za kujiua hazijawahi kuuzwa popote. Hati miliki ilitoka 1998, watu wakapiga kelele dunia nzima, kampuni ikaahidi kutoziingiza sokoni. Na kwa Schmeiser malizia hadithi: majaji hao hao walisema halipi fidia hata senti, na walikuta sehemu kubwa ya shamba lile ni mbegu ile ile na yeye ndiye aliyeichagua na kuipanda. Halafu hata mbegu chotara ya kawaida ukirudia kupanda msimu wa pili mavuno yanashuka. Hiyo wala si GMO.

---

Mbegu_za_Bibi

@MgombaTasa kwa hiyo unatetea kampuni?

---

MgombaTasa

Natetea kumaliza hadithi.

---

Macho_Wazi

Mmesahau wale panya wa utafiti waliolishwa mahindi ya GMO, wenye uvimbe mkubwa kuliko vichwa vyao? Picha ninazo. Amkeni!!!

---

Udongo_Mweusi

Ule utafiti ulitoka 2012 na jarida lenyewe likaufuta 2013. Panya wenyewe ni wa aina inayoota uvimbe kwa wingi wakizeeka, hata ukiwalisha chakula cha kawaida, na walikuwa wachache mno kwa kila kundi. Picha unazo, ila hazithibitishi unachotaka.

---

Sahani_Yangu

Jamani panya wametoka wapi? LEBO. Naomba turudi kwenye lebo.

Wanasema lebo itawatisha watu. Uingereza mwaka 1996 nyanya za kopo za GMO ziliingia madukani zimeandikwa waziwazi kwenye kopo, na watu walizinunua vizuri tu. Kelele zilikuja baadaye. Na Hawaii ambako mapapai yalikuwa yanateketea kwa virusi mpaka wakaanza kupanda papai la GMO mwaka 1998, lile papai Japani waliporuhusu liingie 2011 walisema sawa, lije na lebo. Likaja na lebo! Na mimi papai lile ningelila! Ningelinunua kwa mkono wangu, lebo juu, nikalila!

Shida ni ile "mamaa". Alivyoivuta. Maamaaa. Mtoto mwenyewe sawa na kitindamimba wangu.

---

Nyundo_ya_Mbao

Mama Lebo sasa umeshakubali kulila, uzi umefungwa?

---

Sahani_Yangu

Ndiyo maana nasema hamnisomi!!! Kukubali ni KWANGU! Nikubali mimi, nikatae mimi! Si mtu ameninyang'anya jibu akalitafuna!

---

Wifi_Asiyelala

Samahani niingize langu maana limenikaa kooni. Nyumbani tunaye shangazi, kila kitu kwake GMO. Kuku wa kisasa, GMO. Tikiti lisilo na mbegu, GMO. Nimemweleza mpaka nimekauka: kuku yule amechaguliwa kizazi baada ya kizazi awe mzito, hakuna aliyegusa vinasaba vyake maabara. Tikiti lile wamepandisha aina mbili zisizolingana idadi ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, mtoto akazaliwa tasa kama nyumbu yule wa punda na farasi. Hasikii.

Jana nimeivisha, nimepakua, akasukuma sahani mpaka mchuzi ukamwagika mezani. "Siwezi kula vitu vya maabara." Na mkono wa pili ameshika sindano yake ya insulini! Insulini inayotengenezwa na vijidudu vilivyopandikizwa kinasaba cha binadamu, iko kwenye matibabu tangu 1982! Alikuwa anajipapasa tumboni atafute pa kuchoma huku ananihubiria vinasaba. Mchuzi unatiririka kwenye kitambaa changu, yeye anasukuma dawa polepole, anahesabu mpaka kumi.

---

KitiChaMbele

Huu uzi unastahili kiti cha kulalia.

---

BintiWaSita

@Wifi_Asiyelala ulimwambia?

---

Wifi_Asiyelala

Nimwambie aache insulini? Hapana, ni shangazi. Nilifuta meza.

---

Mzee_Herufi

Vijana, mnapigania lebo, nani kati yenu ameisoma iliyopo? Mimi nina miaka 61. Pakiti zina herufi ndogo kama mayai ya chawa. Rangi ya njano juu ya karatasi nyeupe. Nimenunua kioo cha kukuzia na bado naona ukungu. Na hiyo ya Marekani mnayoisifia, sheria inawaruhusu kuweka msimbo wa QR badala ya maneno. Yaani usimame na pakiti, utoe simu, utafute mtandao, ufungue tovuti, ndipo uambiwe umebeba nini. Na mafuta yaliyosafishwa mpaka kinasaba hakionekani tena kwenye kipimo, kanuni zao za 2022 hazikulazimisha yatangazwe. Hiyo ni lebo au ni mtihani?

---

Sahani_Yangu

Shikamoo mzee. Hapo umenena, na ndilo ningemuuliza yule bwana kama angeniacha na swali la pili. Maneno, kwa herufi za kusomeka. Ulaya mafuta hayo hayo yanaandikwa hata kama kinasaba kimesafishwa kikaisha, kwa sababu wanaangalia yametoka kwenye mmea gani. Inawezekana! Lakini mimi nilikuwa bado naangalia punje.

---

Mzee_Herufi

Marahaba mwanangu. Na tarehe ya kuisha muda je? Wanaigonga kwenye mkunjo wa pakiti. Ukifungua, umeichana katikati.

---

Nyundo_ya_Mbao

Hiyo ndiyo kero yenyewe sasa. Mimi nimewahi kukuta stika ya tarehe mpya juu ya tarehe ya zamani. Nikabandua, chini kuna stika nyingine.

---

Mbegu_za_Bibi

Stika tatu kwangu. Kama vitabu vya shule.

---

BintiWaSita

Na wale wanaoandika "asilia" kwenye kila kitu? Shampuu asilia. Sabuni asilia. Nimekuta chumvi imeandikwa "haina GMO". Chumvi! Chumvi ina vinasaba gani?

---

MgombaTasa

Na maji pia yapo yenye lebo hiyo. Maji, wakuu.

---

Sahani_Yangu

Sawa kabisa, lakini yule mtu AMETAFUNA KWENYE MAIKI. Hakuna aliyemkemea. Mwendesha mjadala alikuwa anacheka amefunika uso kwa karatasi ya ratiba. Nilimwona.

---

Zamu_ya_Usiku

Nimesoma uzi mzima, mimi sijui GMO ni nini, ila kuhusu kutafuna niko na mama asilimia mia. Ofisini tuna mmoja anatafuna barafu kwenye simu na mteja. Anasema "ndiyo bosi", krach, "nimekuelewa bosi", krach.

---

KitiChaMbele

Wa kwetu anakula karanga kwenye kikao cha mtandaoni. Tumemwambia azime maiki, akazima kamera.

---

Wifi_Asiyelala

Shangazi yule yule hupuliza chai. Kila funda anapuliza mara tano. Nimehesabu.

---

Nyundo_ya_Mbao

Wangu anasaga meno usingizini. Nimelala sebuleni miezi miwili.

---

Zamu_ya_Usiku

@Nyundo_ya_Mbao kuna vifaa vya kuvaa mdomoni wakati wa kulala, mwone daktari wa meno. Dada yangu alipata, akatulia.

---

Nyundo_ya_Mbao

Vinapatikana kwa watu wazima? Maana ana meno mapana.

---

Zamu_ya_Usiku

Wanapima. Anauma kwanza kitu laini kama udongo, wanachukua umbo.

---

Macho_Wazi

Huo udongo una nini ndani? Umeuliza?