Acheni kumwita George Orwell mtabiri! Mtu huyu alikuwa shahidi

Heshima kwenu wakuu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Kila kukicha humu ndani lazima atajwe George Orwell, yule mwandishi wa "Shamba la Wanyama" na "1984". Gazeti likifungiwa, "Orwell alitabiri". Kamera zikiwekwa barabarani, "Orwell alitabiri". Wakubwa wakigawana vyeo, mtu anabandika picha ya nguruwe aliyevaa suti, anaondoka akiamini kamaliza mjadala. Na juzi nimeshika mwongozo mmoja wa wanafunzi, vile vijitabu vyembamba vya kujibia mtihani, nikatafuta sehemu ya maisha ya mwandishi. Sentensi mbili! Mwingereza. Alipinga ujamaa. Imeisha hiyo. Mtoto wa watu anaingia chumba cha mtihani na uongo huo kichwani, na anapewa maksi kwa kuuandika.

Inaniuma kwa sababu ukimvua mtu huyu maisha yake, onyo lake linabaki rungu la kumpigia yeyote usiyempenda. Wa kushoto anampiga nalo wa kulia, wa kulia anamrudishia, na hakuna hata mmoja anayejiangalia. Orwell mwenyewe alianza kwa kujiangalia.

Jina la kuzaliwa ni Eric Arthur Blair. Alizaliwa 1903 Motihari, India, baba yake akiwa ofisa wa idara ya serikali ya kikoloni iliyosimamia kasumba. Akalelewa Uingereza, akasomeshwa shule za wakubwa kwa kupunguziwa ada, na mwaka 1922, akiwa na miaka 19, akaenda Burma (Myanmar ya leo) kuwa polisi wa Dola ya Uingereza. Rudieni hapo: polisi. Miaka 5 alivaa sare, alitoa amri, aliona mahabusu na makalio yenye makovu ya watu waliochapwa viboko. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa askari wa mkoloni ni mtu wa namna gani, babu zetu walimjua kwa sauti ya viatu vyake. Kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja unaosomwa leo, huyu mnayemwita mtetezi wa wanyonge alikuwa mkono wenyewe unaoshika fimbo. Mbona hili hamlisemi?

Mwaka 1931 alichapisha insha fupi kuhusu mfungwa wa Kihindu anayepelekwa kunyongwa asubuhi ya masika huko Burma. Mfungwa kafungwa mikono, askari wamemshika huku na huku, kitanzi kiko hatua chache mbele. Njiani kuna kidimbwi cha maji. Mfungwa anakikwepa. Mtu atakayekufa dakika chache zijazo anakwepa kulowesha miguu! Mwandishi anasema ni pale alipoelewa kwa mara ya kwanza maana ya kumkatisha uhai mtu mwenye afya na akili timamu. Mkuu wa gereza, yeye, kinachomkera ni kuchelewa, kwa sababu wafungwa wengine hawapewi chakula cha asubuhi mpaka kazi ile iishe. Ikiisha, Wazungu na wenyeji wanakunywa wiski pamoja na kucheka, maiti ikiwa yadi 100 tu kutoka walipo.

Mle ndani hakuna jitu lenye pembe. Kuna wafanyakazi wenye ratiba. Mtu aliyeona vile hakuhitaji ndoto wala maono ili aje kuandika kuhusu serikali inayomsaga binadamu huku watumishi wake wakienda nyumbani kula. Alishafanya kazi humo.

Mwaka 1927 akarudi likizo Uingereza na kuacha kazi. Aliandika baadaye kwamba alibeba hatia nzito na alitaka kuilipa. Ndiyo maana akalala kwenye nyumba za mafukara London, akaosha vyombo kwenye mahoteli ya Paris, akashuka migodi ya makaa ya mawe kule Wigan mwaka 1936. Sitakaa sana hapo, maana pa kukaa ni Uhispania.

Desemba 1936 alifika Barcelona. Alikwenda kupigana na majeshi ya Franco, jenerali aliyeiasi serikali, na kwa sababu ya barua za utambulisho alizobeba akajikuta kwenye wanamgambo wa POUM, chama kidogo cha Kimarx kilichokuwa hakimkubali Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti. Huko mstari wa mbele Aragon ilikuwa baridi, chawa, bunduki kuukuu. Mei 1937 akiwa likizo mjini, mapigano yakalipuka Barcelona, yakianzia kwenye jengo la simu, na waliokuwa wanapigana ni watu wa upande mmoja, wote maadui wa Franco. Yeye akapangiwa zamu juu ya paa la jumba la sinema na bunduki yake, kulinda ofisi za chama zilizokuwa ng'ambo ya barabara. Akawa shahidi wa kile kilichotokea. Kisha akasoma magazeti yakisema watu aliokaa nao paa moja ni mawakala wa Wafashisti.

Akarudi mstari wa mbele. Tarehe 20 Mei risasi ya mdunguzi ikapita shingoni mwake, ikaikosa mishipa mikubwa kwa nafasi ndogo mno. Hakufa, ila sauti ilimpotea kwa muda.

Sasa sikilizeni hili. Juni 16 POUM ikapigwa marufuku. Kiongozi wake, Andreu Nin, akakamatwa na kuuawa. Orwell alikuwa hana habari, kaenda kushughulikia karatasi zake za kuachishwa jeshi kwa ajili ya jeraha. Anarudi Barcelona, anaingia Hoteli Continental alikokuwa anaishi mkewe, Eileen. Eileen anainuka pale ukumbini, anamwekea mkono shingoni, anatabasamu ili watu wasishtuke, na anamnong'oneza: toka humu haraka. Chumba chake kilishapekuliwa usiku wa manane. Polisi waliovaa kiraia walikaa karibu saa mbili, wakagonga kuta, wakabeba kila karatasi, ila kitanda hawakukigusa kwa sababu mama yule alikuwa amelala juu yake.

Usiku ule Orwell alilala kwenye magofu ya kanisa. Kamanda wake, Georges Kopp, alikuwa ndani. Kijana Bob Smillie, aliyetoka Uingereza kuja kupigana na Ufashisti, alikuwa ameshafia gerezani Valencia. Na Orwell, anayesakwa, alikwenda gerezani kumwona Kopp na akahangaika maofisini kumtetea! Baada ya hapo yeye na Eileen wakapanda treni, wakavuka kuingia Ufaransa. Julai 13 mwaka huohuo iliandaliwa hati kwa ajili ya mahakama ya ujasusi na uhaini ya Valencia, ikiwataja mume na mke hao kuwa Watrotsky (wafuasi wa Trotsky, hasimu wa Stalin) waliothibitika. Wangechelewa tungekuwa hatuna kitabu cha kugombania leo.

Walioleta balaa lile hawakuwa watu wa Franco. Walikuwa upande wa Orwell mwenyewe, wakomunisti waliomfuata Stalin. Walizungumza lugha ya haki, ya wafanyakazi, ya mapinduzi. Kovu la risasi ya adui lilikuwa shingoni, na kitambulisho cha kuwa wa POUM kilimtosha rafiki wa jana kumtia ndani.

Akafika London kusema aliyoyaona. Mhariri wa jarida kubwa la mrengo wa kushoto, Kingsley Martin, akakataa makala yake. Mchapishaji wake, Victor Gollancz, akakataa kitabu cha Uhispania hata kabla hakijaandikwa. Kilipotoka mwaka 1938 kwa mchapishaji mwingine, zilichapwa nakala 1,500, na mwandishi alikufa hazijaisha. Miaka michache baadaye aliandika kwamba Uhispania ndiko alikoona magazeti yakisimulia mapigano makubwa mahali ambapo hapakuwa na vita, na kunyamaza kimya mahali walipokufa mamia, na askari mashujaa wakiitwa wasaliti. Yule mhusika wake maarufu wa "1984", ambaye kazi yake ni kukaa ofisini na kuandika upya magazeti ya zamani ili yakubaliane na chama, asili yake ni hii. Nani kakwambia ni utabiri? Ni mambo ya 1937.

Na bado. Kuanzia 1941 hadi 1943 alifanya kazi Idhaa ya Mashariki ya BBC, akitayarisha vipindi vya kuwashawishi Wahindi wabaki upande wa Uingereza vitani. Kila andiko lilipita mikononi mwa wadhibiti kabla ya kusomwa hewani. Mkewe naye alikuwa amefanya kazi idara ya udhibiti wa habari. Yaani nyumba moja, mume anaandika yatakayokaguliwa, mke anatoka kwenye idara inayokagua. Alikijua kiwanda cha maneno kwa ndani, kama alivyolijua gereza kwa ndani.

Mnaosema alilenga Warusi peke yao, njooni hapa. Hadithi yake ya wanyama wanaompindua bwana wao, kisha nguruwe wakageuka mabwana wapya, aliimaliza mapema 1944. Gollancz akaikataa. Mchapishaji Jonathan Cape alikuwa karibu kuikubali, akashauriana na ofisa wa Wizara ya Habari, akarudi nyuma, na barua yake ikalalamika kwamba kuwafanya nguruwe tabaka tawala kutawaudhi Warusi. Mshairi T. S. Eliot, kwa niaba ya wachapishaji Faber, naye akakataa. Hakuna polisi aliyevunja mlango wa yeyote kati yao. Orwell akaandika dibaji kali akisema kwamba Uingereza habari zinafichwa kwa hiari, watu wenye heshima zao wakikubaliana kimyakimya kuwa jambo fulani halisemwi. Mjue kilichofuata? Kitabu kilitoka Agosti 1945 bila dibaji hiyo. Ilichapishwa 1972, miaka 22 baada ya mwenyewe kufa.

Mwaka 1954 ikatoka filamu ya katuni ya hadithi hiyohiyo, kwa fedha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na mwisho ukabadilishwa. Kitabuni, wanyama wanachungulia dirishani na hawawezi tena kumtofautisha nguruwe na binadamu. Mashtaka ni kwa wote wawili, bwana mpya na bwana wa zamani. Kwenye filamu mabwana wa zamani wakaondolewa mezani, wakabaki nguruwe peke yao, na wanyama wakawapindua. Nusu ya mashtaka ilifutwa! Na ni toleo hili ambalo wengi wenu mnalibeba kichwani bila kujua mlilitoa wapi.

Kuhusu "alipinga ujamaa": mwaka 1946 aliandika kwa mkono wake kwamba kila mstari wa maana alioandika tangu 1936 ulikuwa dhidi ya utawala wa kiimla na kwa ajili ya ujamaa wa kidemokrasia. Juni 1949, riwaya yake ya mwisho, "1984", ilipotoka na watu wakaanza kuivutia kwao, akatoa tamko kutoka kitanda cha wagonjwa kwamba haikushambulia ujamaa wala chama cha Labour, ambacho anakiunga mkono. Kifua kikuu kilikuwa kinammaliza. Nakala safi ya riwaya hiyo aliipiga chapa mwenyewe kisiwani Jura, Scotland, mara nyingi akiwa kitandani, kwa kuwa hakupatikana mpiga chapa wa kwenda huko. Januari 21, 1950 akafariki, miaka 46.

Najua kuna atakayeleta ile orodha. Ni kweli. Mwaka 1949 aliwapa watu wa idara ya propaganda ya serikali ya Uingereza majina 38 ya watu aliowaona hawafai kuaminiwa kwa sababu ya kuelekea kwao Moscow. Mimi silitetei hilo. Mtu aliyekimbia Barcelona kwa sababu ya orodha hakupaswa kushika kalamu kuandika nyingine, hata kama haikumpeleka mtu jela. Liandikeni pia kwenye miongozo yenu, wanafunzi waone kwamba kishawishi kilimfikia hata yeye.

Ndugu Fortunatus Kawegere alituletea "Shamba la Wanyama" kwa Kiswahili tangu 1967, kikachapishwa Nairobi. Zaidi ya nusu karne kitabu kiko kwenye lugha yetu, anaweza kukisoma mtu wa Kigoma, wa Lamu na wa Bukavu bila kuazima kamusi. Halafu tunakijadili kwa picha ya nguruwe na maneno manne!

Ombi langu kwa wanaoandika miongozo: ongezeni ukurasa mmoja. Burma 1922 hadi 1927. Barcelona Mei na Juni 1937. BBC 1941 hadi 1943. Hati za kukataliwa 1944. Na anayetaka kunipinga, karibu, ila anijibu kwanza jambo moja: katika haya niliyoyataja, ni lipi ambalo Orwell alilitabiri?